Sili ya Yongbyon ilivyovunjwa na bili ikafika Dar es Salaam na Kampala

Hoja ya wanasiasa wa Marekani wenye msimamo mkali ni fupi, na inaeleweka hata kwa mtu asiyefuatilia siasa za nje. Wanasema utawala wenye uadui unaotafuta bomu la nyuklia hauji mezani ili kukubaliana, bali unakuja kununua muda. Ukiupa mafuta unapokea mafuta, ukiupa chakula unakula, na usiku unaendelea na kazi yake chini ya ardhi. Kwa hiyo dawa yake si mkataba. Dawa yake ni kubanwa: vikwazo, kufungiwa benki, na ikishindikana, ndege za kivita.

Kwa mfanyabiashara wa Kariakoo au mwenye malori anayesubiri foleni Malaba, maneno hayo yanaweza kuonekana kuwa ugomvi wa wakubwa wa mbali. Hata hivyo, dola inayolipia kontena kutoka Guangzhou hupitia New York kabla ya kumfikia muuzaji. Meli iliyobeba kontena hilo inapeperusha bendera ya nchi fulani na ina bima ya kampuni fulani. Dola, bendera na bima ndivyo vitu ambavyo watu wa msimamo mkali huvishika kwanza, muda mrefu kabla ya kufika kwenye mabomu. Ndiyo sababu mjadala wao unamhusu mtu ambaye hajawahi hata kukiona kinu cha nyuklia.

Kesi nzuri ya kuipimia hoja hiyo ni Korea Kaskazini, kwa kuwa nchi hiyo imekwisha kunyweshwa kila dawa iliyoko kabatini: mazungumzo, mkataba, kuvunjwa kwa mkataba, vikwazo, na hata mikutano ya ana kwa ana na rais wa Marekani. Matokeo yake yanajulikana. Mwaka 1994 ilikuwa haijafanya jaribio hata moja la bomu la nyuklia. Miaka 30 baadaye, mwaka 2024, taasisi ya utafiti wa amani ya Stockholm, SIPRI, ilikadiria kwamba imeunda takriban vichwa 50 vya nyuklia na ina malighafi ya kutosha kufikisha vichwa 90. Swali ni nani aliyeiachia njia.

Mkataba wa Geneva

Mei 1994, Korea Kaskazini ilianza kutoa fueli iliyotumika kutoka katika kinu chake kidogo cha Yongbyon, fito zipatazo 8,000, bila kuwapa wakaguzi wa Wakala wa Kimataifa wa Nguvu za Atomiki, IAEA, nafasi ya kuzipima ipasavyo. Fito hizo zikichakatwa hutoa plutoniamu, na wataalamu walikadiria kwamba plutoniamu ya humo ingetosha mabomu matano au sita.

Waziri wa Ulinzi wa Marekani wakati huo, William Perry, aliagiza mpango wa kuishambulia Yongbyon uandaliwe. Mpango ulikuwepo. Kilichowazuia ni ramani: Seoul, mji wenye mamilioni ya watu, uko kilomita zipatazo 50 tu kutoka mpakani, ndani ya masafa ya mizinga ya kaskazini. Juni 1994 rais mstaafu Jimmy Carter alikwenda Pyongyang akakutana na Kim Il Sung, na joto likapungua. Kim alifariki Julai 8 mwaka huo huo, lakini mazungumzo yakaendelea chini ya mwanawe, Kim Jong Il. Oktoba 21, 1994, pande mbili zikatia saini makubaliano mjini Geneva.

Kimsingi makubaliano yalikuwa hivi. Korea Kaskazini ingesimamisha kinu cha Yongbyon pamoja na vinu viwili vikubwa zaidi vilivyokuwa vikijengwa. Zile fito 8,000 zingefungwa kwenye makopo maalumu, zikawekwa chini ya sili na kamera za IAEA, na wakaguzi wakabaki pale pale. Nayo Marekani, kupitia shirika lililoundwa mwaka 1995 pamoja na Korea Kusini na Japan, ingepeleka tani 500,000 za mafuta mazito kila mwaka, na kujenga vinu viwili vya umeme vya aina ambayo si rahisi kuvitumia kutengenezea mabomu. Lengo lilikuwa mwaka 2003.

Watu wa msimamo mkali waliliona hilo kuwa hongo. Seneta John McCain alikuwa miongoni mwa waliolipinga kwa nguvu, na Novemba 1994 chama chake cha Republican kikachukua mabunge yote mawili mjini Washington. Kuanzia hapo fedha za mafuta zikawa zinatoka kwa kusuasua, na meli za mafuta zikawa zinachelewa.

Hata hivyo msafirishaji wa mizigo ya transiti ataelewa kitu ambacho wanasiasa wengi hawakukielewa. Forodha haimwamini mwenye lori linalotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Kigali, na haina sababu ya kumwamini. Ndiyo maana inadai dhamana, inafunga sili kwenye kontena, na siku hizi inaweka kifaa cha kielektroniki kinachoonyesha lori limesimama wapi na kwa muda gani. Likifika Rusumo, sili inaangaliwa. Hakuna anayeuita utaratibu huo urafiki. Unawekwa kwa sababu pande mbili haziaminiani, lakini biashara lazima iendelee.

Geneva ilikuwa dhamana na sili ya aina hiyo. Na kwa miaka 8, kuanzia 1994 hadi mwisho wa 2002, sili ya Yongbyon haikukatwa. Hakuna plutoniamu mpya iliyotolewa katika zile fito. Hilo halibishaniwi sana hata na wale walioupinga mkataba.

Lori la pili kwenye njia ya panya

Kinachobishaniwa ni kingine. Wakati sili ya plutoniamu iko salama, Korea Kaskazini ilikuwa ikitafuta njia ya pili ya bomu, ile ya kurutubisha uraniamu, kwa msaada wa mtandao wa mwanasayansi wa Pakistan, Abdul Qadeer Khan. Kwa lugha ya barabarani, lori moja lilikuwa na sili na la pili lilikuwa limeshika njia ya panya.

Oktoba 2002 mjumbe wa Marekani, James Kelly, alikwenda Pyongyang na tuhuma hizo. Serikali ya George W. Bush, ambaye Januari mwaka huo alikuwa ameiweka Korea Kaskazini pamoja na Iran na Iraq katika kile alichokiita mhimili wa uovu, ilikuwa tayari imegawanyika. Mmoja wa waliokuwa na msimamo mkali kuliko wote alikuwa John Bolton, naibu waziri aliyeshughulikia udhibiti wa silaha. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2007, Bolton hakuficha kwamba habari za uraniamu zilikuwa ndiyo zana aliyokuwa akiitafuta ya kuuvunjia mkataba wa Geneva.

Zana ilifanya kazi. Novemba 2002 mafuta yakasimamishwa. Desemba, Korea Kaskazini ikakata sili za Yongbyon, ikaziba kamera, na Desemba 31 wakaguzi wa mwisho wakapanda ndege. Januari 10, 2003, ikatangaza kujitoa katika mkataba wa kuzuia kuenea kwa silaha za nyuklia. Vile vinu viwili vya umeme vilivyoahidiwa kuwa tayari mwaka 2003 vilikuwa vimemwagiwa zege la kwanza Agosti 2002 tu.

Hapa ndipo hesabu ilipokosewa. Tuhuma zenyewe zilikuwa za kweli, kama itakavyoonekana hapa chini. Lakini forodha ikigundua kuwa mwenye mzigo ana lori la pili linalokwepa mizani, haikati sili ya lori la kwanza na kumrudishia funguo. Inalifuata lile la pili na kushikilia dhamana. Washington ilifanya kinyume. Kwa sababu ya mradi wa uraniamu ambao ulikuwa bado uko mbali kutoa bomu, iliacha plutoniamu iliyokuwa imefungwa tayari ifunguliwe, wala haikuwa na mpango wa pili. Macho na majeshi yake yalikuwa Iraq, ambayo ilivamiwa Machi 2003 kwa hoja ya silaha za maangamizi, na silaha hizo hazikupatikana.

Oktoba 9, 2006, Korea Kaskazini ilifanya jaribio lake la kwanza la nyuklia. Lilikuwa dogo, chini ya kilotani moja. Majaribio mengine yakafuata mwaka 2009, 2013, mawili mwaka 2016, na la Septemba 3, 2017, kubwa kuliko yote.

Benki moja ya Macau

Kuna tukio la katikati ya miaka hiyo ambalo wafanyabiashara wanapaswa kulifahamu kuliko majaribio yenyewe.

Septemba 15, 2005, Wizara ya Fedha ya Marekani ilitangaza kwamba benki ndogo ya Macau iitwayo Banco Delta Asia ni ya kushukiwa kwa utakatishaji wa fedha za Korea Kaskazini. Haikupigwa risasi hata moja. Wateja walikimbilia madirishani kutoa akiba zao, mamlaka za Macau zikaichukua benki, na dola milioni 25 hivi za Wakorea zikazuiwa. Siku nne tu baada ya tangazo hilo, Septemba 19, mazungumzo ya nchi sita mjini Beijing yalitoa tamko ambalo Korea Kaskazini iliahidi kuachana na nyuklia. Tamko likafa kabla halijazoeleka. Pyongyang ilikataa kurudi mezani kwa zaidi ya mwaka mzima, ikidai kwanza milioni zake 25.

Lililowashangaza wengi lilikuja mwaka 2007, Marekani yenyewe ilipoamua kuzirudisha fedha hizo ili mazungumzo yaendelee. Hakuna benki ya kawaida iliyokubali kuzigusa. Ilibidi zipitishwe katika tawi la New York la benki kuu ya Marekani, kisha benki kuu ya Urusi, ndipo zikafika.

Watu wa msimamo mkali walijifunza hapo kwamba kubana benki kunaumiza kuliko kuzuia meli, na wako sahihi. Benki za dunia nazo zilijifunza kwamba mteja wa dola elfu 20 anayeweza kuleta maswali kutoka Washington hana faida ya kutosha. Mfanyabiashara wa Lubumbashi ambaye malipo yake yalirudishwa kwa sababu jina la kampuni ya muuzaji linafanana na jina lililoko kwenye orodha ya vikwazo, ameonja somo hilo la Macau, hata kama hajawahi kuisikia Macau.

Pale wanapokuwa sahihi

Si haki kuiona kambi hii kuwa ya watu wanaopenda vita tu. Ushahidi wao upo, na mwingine ni mzito.

Septemba 6, 2007, ndege za Israel zilipiga jengo katika jangwa la Syria karibu na mto Frati. Baadaye Marekani ilionyesha picha: lilikuwa ni kinu cha nyuklia kilichojengwa kwa mfano wa kile cha Yongbyon, kwa msaada wa Wakorea. Yaani Pyongyang ilikuwa imekaa mezani Beijing huku mafundi wake wakiisaidia Syria kujenga kinu jangwani. Miaka michache baadaye Syria iliingia katika vita vya wenyewe kwa wenyewe na eneo lile likashikwa na wapiganaji wa Dola la Kiislamu. Ni vigumu kumbishia mtu anayesema kwamba afadhali kinu kile kilipigwa.

Novemba 2010, mwanasayansi wa Marekani Siegfried Hecker alipelekwa Yongbyon na wenyeji wake, wakamwonyesha ukumbi mpya wenye mashine zipatazo 2,000 za kurutubisha uraniamu. Kwa miaka mingi Pyongyang ilikuwa imekana kuwa na mradi wa namna hiyo. Waliosema mwaka 2002 kwamba lori la pili lipo, walikuwa wamesema kweli.

Na Perry, yule yule wa 1994 aliyekuja kuwa mtetezi wa mazungumzo, mwaka 2006 aliandika pamoja na Ashton Carter wakitaka Marekani ilipige kombora la masafa marefu la Korea Kaskazini likiwa bado kwenye jukwaa lake, kabla ya kurushwa. Wote wawili walikuwa watu wa Democrat. Msimamo mkali katika suala hili hauna chama.

Lakini ushahidi huo una upande wa pili ambao kambi hii huupita haraka. Shambulio la Israel dhidi ya kinu cha Iraq mwaka 1981 lilikiangamiza kinu, na baada yake Saddam Hussein akauhamishia mradi wake sirini, ukakua, na dunia ikaja kuujua ukubwa wake baada ya vita vya 1991. Bomu hubomoa jengo linalojulikana liliko. Yongbyon ya leo si jengo moja, na mbele ya mtawala mwenye vichwa 50 mkononi, lile wazo la Perry la 1994 limekwisha muda wake.

Halafu kuna Libya. Desemba 19, 2003, Muammar Gaddafi alitangaza kuachana na silaha zake za maangamizi, na Januari 2004 vifaa vya nyuklia vilipakiwa kwenye ndege kwenda Marekani. Kwa watu wa msimamo mkali ulikuwa ushindi mtupu: hofu ya yaliyompata Saddam imefanya kazi. Oktoba 20, 2011, baada ya miezi ya mashambulizi ya ndege za NATO kuwasaidia waasi, Gaddafi aliuawa Sirte. Bolton aliporudi serikalini Aprili 2018 kama mshauri wa usalama wa Donald Trump, alisema hadharani kwamba Korea Kaskazini ifuate mfano wa Libya. Mfanyabiashara yeyote anajua thamani ya kumwambia mteja afuate mfano wa aliyefilisika. Pyongyang ilikasirika, mkutano wa Singapore wa Juni 12, 2018 ukanusurika kuvunjika, na ule wa Hanoi wa Februari 2019 ukaisha bila makubaliano. Kim Jong Un alikuwa ametoa Yongbyon ili aondolewe sehemu kubwa ya vikwazo, na Trump akaona bei ni mbaya. Septemba 2022 Korea Kaskazini ikatunga sheria inayoitambulisha kuwa dola ya nyuklia, na mwaka uliofuata ikaliingiza jambo hilo kwenye katiba.

Iran imepita karibu njia hiyo hiyo, ingawa kwa mpangilio wake. Mkataba wa 2015 uliiwekea kikomo cha kilo 300 za uraniamu iliyorutubishwa kwa asilimia 3.67, chini ya macho ya wakaguzi. Trump aliuacha Mei 8, 2018. Kufikia Juni 2025, Israel na Marekani zilipoishambulia, IAEA ilikuwa ikikadiria zaidi ya kilo 400 za asilimia 60, na baada ya mabomu wakaguzi walishindwa kuthibitisha shehena hiyo iko wapi. Sili ilikuwa imeondolewa, mlango ukapigwa mabomu, na hesabu ya mzigo haipo.

Dubai, Suez na bendera ya Zanzibar

Swali la nani yuko sahihi Washington lingeweza kuachiwa wasomi kama mizigo hiyo isingepita katika njia zile zile zinazotumiwa na wafanyabiashara wa Afrika Mashariki.

Oktoba 2003, meli iliyoitwa BBC China, ikitoka Dubai kwenda Libya, ilielekezwa bandari ya Taranto, Italia. Ndani ya makontena yake kulikutwa sehemu za mashine za kurutubisha uraniamu zilizotengenezwa Malaysia na kupitishwa Dubai kwenye kampuni ya kawaida ya biashara. Kwenye maboksi palikuwa pameandikwa kwamba ni vipuri vya mashine vilivyotumika. Anayeagiza injini na gia kuukuu kutoka Sharjah hana haja ya kuelezwa zaidi kwa nini maafisa wa forodha wamekuwa na maswali mengi kuhusu maneno hayo.

Agosti 2016, Misri iliizuia meli Jie Shun karibu na mfereji wa Suez. Ilitokea Korea Kaskazini, ilikuwa na bendera ya Cambodia, na ilibeba tani 2,300 za mawe ya chuma. Chini ya mawe yalikuwepo maroketi 30,000. Hati za shehena zilisema ni vipuri vya pampu za kuzama majini. Mwezi huo huo Cambodia ikafunga daftari lake la kusajili meli za kigeni.

Bendera ya Tanzania nayo haikupona. Mwaka 2012 mbunge wa Marekani Howard Berman alimwandikia Rais Jakaya Kikwete kuhusu meli za mafuta za Iran zilizokuwa zikipeperusha bendera hiyo. Ilibainika kuwa zaidi ya meli 30 zilikuwa zimesajiliwa kupitia daftari la Zanzibar, kazi iliyokuwa ikifanywa na wakala aliyeko Dubai, na zikafutwa. Miaka michache baadaye bendera hiyo ikatajwa tena katika ripoti za jopo la wataalamu la Umoja wa Mataifa, safari hii kwa meli za Korea Kaskazini. Januari 2018 Rais John Magufuli alisimamisha usajili wa meli za kigeni na kuagiza meli 470 zichunguzwe, baada ya meli mbili zenye bendera hiyo kukamatwa, moja na dawa za kulevya na nyingine na shehena ya milipuko. Ada ya kusajili meli ni ndogo. Gharama ya kuwa na bendera inayosimamishwa na kupekuliwa kila bandari inabebwa na kila mwenye meli aliye halali, na baada yake na mwenye mzigo.

Nchi kavu hali haikuwa tofauti sana. Jopo hilo hilo lilieleza mwaka 2017 kwamba linachunguza mkataba wa zaidi ya Euro milioni 10 kati ya Tanzania na kampuni ya Korea Kaskazini wa kukarabati makombora ya ulinzi wa anga na rada. Uganda, ambayo askari wake walifundishwa na Wakorea kwa miaka mingi, ilitangaza Mei 2016 kusitisha ushirikiano huo wa kijeshi wakati rais wa Korea Kusini akiwa ziarani Kampala. Oktoba 2023 ubalozi wa Korea Kaskazini mjini Kampala ukafungwa. Na huko Congo, taasisi ya The Sentry ilieleza mwaka 2020 jinsi Wakorea wawili walivyoanzisha kampuni ya ujenzi, wakachonga sanamu katika jimbo la Haut-Lomami, na kufungua akaunti ya dola benki. Sanamu zinaweza kuonekana jambo la kuchekesha. Azimio namba 2321 la Baraza la Usalama la Novemba 2016 linazitaja: kuuza sanamu ni marufuku kwa Korea Kaskazini, kwa kuwa ni chanzo chake cha fedha za kigeni.

Jopo limekufa, orodha iko hai

Machi 28, 2024, Urusi ilipiga kura ya turufu dhidi ya kuongezwa muda wa jopo hilo la wataalamu, ambalo lilikuwepo tangu 2009. Urusi yenyewe ilikuwa imegeuka mteja wa makombora na mizinga ya Korea Kaskazini kwa ajili ya vita vya Ukraine. Jopo likamaliza kazi Aprili 30, 2024. Oktoba mwaka huo nchi 11, zikiongozwa na Marekani, Japan na Korea Kusini, ziliunda timu yao ya kufuatilia vikwazo. Hakuna hata moja ya Afrika.

Kuna wasafirishaji walioona katika hilo nafuu, wakidhani kwamba Umoja wa Mataifa umelegeza kamba. Huko ni kusoma vibaya. Maazimio yenyewe hayakufutwa, likiwemo lile la 2270 la Machi 2016 linalotaka kila mzigo unaotoka au kwenda Korea Kaskazini ukaguliwe. Kilichoondoka ni mahali ambapo serikali ndogo ingeweza kujieleza, kuandika barua ya majibu, na kusomwa na wanachama wote 15 wa Baraza kabla ya kuhukumiwa. Kilichobaki ni orodha ya Wizara ya Fedha ya Marekani, ambayo haiitishi mjadala. Watu wa msimamo mkali hawajawahi kuupenda Umoja wa Mataifa na sasa hawauhitaji. Utaratibu wa Macau umekuwa utaratibu wa kila siku.

Kwa wakala wa forodha au mwenye mzigo, kazi inayotokana na hayo ni ya mezani na haina gharama kubwa. Jina la meli hubadilishwa kwa rangi na brashi. Bendera hubadilishwa kwa karatasi kutoka Dubai. Namba ya IMO, yenye tarakimu 7, hubaki ile ile tangu meli inajengwa hadi inapokatwa chuma chakavu, na ndiyo namba ambayo benki ya New York huiangalia inapopitia hati. Kampuni nyingi ndogo za eneo hili bado zinakubali hati ya shehena yenye jina la meli pekee, na hutambua kosa hilo pale malipo yanaposimama, kontena likiwa limeshashushwa na gharama za kuchelewa bandarini zikihesabiwa kwa siku.